Niliwahesabu Waliokaa

Julai 2008, sheria mpya ya kudhibiti tumbaku ilipoanza kutumika nchini Kenya, niliandika makala yaliyosema kwamba wakazi wa Nairobi hawaitaki. Yalitoka katika gazeti nililokuwa nikiliandikia kwa malipo ya kila habari, yakapewa nusu ukurasa na picha yangu ndogo pembeni, na katika kichwa chake palikuwa na neno wananchi. Wananchi wamekataa. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewauliza wananchi. Niliwauliza wanywaji, tena wengi wao wavutaji, usiku, mezani kwao, huku nami nikiwa na sigara mkononi.

Magazeti mengi hufungia mandazi siku ya pili, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba langu nalo lilikwenda njia hiyo. Halikwenda. Kuna baa moja katikati ya jiji ambako lilikatwa kwa makasi, likabandikwa ukutani nyuma ya kaunta, kando ya leseni, na likatumiwa dhidi ya watu waliokuwa wakifanya kazi humo. Nitaieleza habari hiyo. Kwanza lazima nieleze jinsi nilivyoyapata yale niliyoyaita maoni ya umma.

Mjadala ulikuwa umekwisha pamba moto kabla yangu. Mwaka 2006 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alitangaza kanuni za kukataza uvutaji mahali pa umma. Kampuni za sigara zikakimbilia mahakamani na Mahakama Kuu ikazisimamisha kanuni hizo. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria kamili, Rais Mwai Kibaki akaitia sahihi, na Julai 2008 ikaanza kufanya kazi. Baa na mikahawa ilihesabiwa kuwa mahali pa umma. Aliyetaka kuvuta alitakiwa awe katika sehemu iliyotengwa kwa ajili hiyo, na atakayekamatwa akivuta kwingine angeweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000. Kwa mtu anayenunua sigara moja moja kibandani, hizo zilikuwa pesa za kutisha, na mhariri wangu alitaka kusikia watu wanasemaje.

Nikaenda kuwasikiliza. Nilianzia kwenye baa ninazozijua, ambako weita huniletea kinywaji kabla sijaagiza. Nilikaa na watu niliokuwa nikipigiana nao kibiriti kila Ijumaa. Swali langu ninalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu daftari bado ninalo: "Serikali ikikunyang'anya sigara ukiwa unakunywa bia yako uliyoinunua kwa pesa zako, utakubali?"

Lisome tena swali hilo. Ndani yake mna unyang'anyi, mna serikali, mna pesa za mtu na bia yake. Mle hamna mtu mwingine yeyote chumbani. Kila niliyemuuliza aliitikia kama nilivyotaka aitikie, na mimi nikaandika harakaharaka nikiamini kwamba ninafanya utafiti. Ningeweza kuuliza kwa njia nyingine: "Mtu anayekuhudumia hapa tangu saa kumi jioni hadi alfajiri, je, ni sawa avute moshi wako?" Sidhani kwamba wote wangegeuka. Lakini wangelazimika kuinua macho na kumtazama, maana alikuwa amesimama hapo hapo na trei.

Julai, Nairobi ni baridi. Wasioijua Nairobi hudhani Afrika Mashariki yote ni upepo na vivuli, na mimi mwenyewe, ninayeijua, niliandika upuuzi huo huo: kwamba sheria hizi zimeletwa kutoka nchi za theluji ambako watu hujifungia ndani, ilhali baa zetu ziko wazi na moshi hujiendea. Niliandika hivyo nikiwa nimetoka kwenye chumba cha ghorofa ya kwanza chenye dari ya kugusika kwa mkono, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, na pazia zito limeshushwa ili muziki usiwaudhi majirani. Moshi ulikuwa umetanda chini ya taa ya bluu kiasi kwamba ubao wa bei ulisomeka kwa taabu. Nilikuwa na macho na sikuona, kwa kuwa moshi wenyewe ulikuwa pia wangu.

Katika baa hiyo nilimuuliza mhudumu mmoja. Hapo ndipo pananiuma zaidi, kwa maana siwezi hata kujitetea kwamba sikuwakumbuka wahudumu. Nilimkumbuka mmoja, nikamuuliza vibaya. Mwenye baa alikuwa ameketi nami, ameninunulia chupa mbili, na dada alipokuja kubadilisha kisahani cha majivu nikamwambia, "Dada, wewe moshi unakusumbua?" Alimtazama mdosi wake, akanitazama mimi, akasema, "Hakuna shida, mteja ni mfalme." Nikaandika. Katika makala nikaeleza kwamba hata wahudumu wenyewe hawaoni tatizo. Wahudumu, kwa wingi, kutokana na sentensi moja ya mtu mmoja aliyekuwa akilinda kibarua chake mbele ya mwajiri.

Halafu palikuwa na takwimu. Wenye baa walikuwa wakisema kwamba biashara itaanguka, watu watafutwa kazi, na mmoja wao alinipa karatasi yenye asilimia za hasara inayotarajiwa. Sikumuuliza karatasi hiyo imeandikwa na nani. Niliinakili. Siwezi kusema ilitoka wapi, na sitamshutumu mtu kwa jambo nisilolijua. Ninachojua ni kwamba wakati huo habari za nchi nyingine zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuzisoma. Nyaraka za ndani za kampuni za sigara zilizotolewa hadharani kutokana na kesi za Marekani, hasa ile ya Minnesota iliyomalizika 1998, zilionyesha jinsi kampuni hizo zilivyokuwa zikifadhili vyama vya wenye mikahawa na baa ili vizipinge sheria hizi kwa sauti yao wenyewe. Mwandishi anayejua hilo, akipewa karatasi ya asilimia zisizo na mwenyewe, huuliza. Mimi sikuwa nimejisumbua kujua.

Wala sikujisumbua kujua yaliyotokea kwa waliotutangulia. California ilikataza sigara ndani ya baa tangu Januari 1998. Mwaka huo huo, watafiti waliowafuatilia wahudumu 53 wa kaunta za baa za San Francisco walichapisha matokeo yao. Kabla ya katazo, 39 kati yao walikuwa na dalili za kifua: kukohoa, kukoroma kwa pumzi, makohozi ya asubuhi. Baada ya wiki chache tu za kufanya kazi katika hewa safi, 23 kati ya hao 39 hawakuwa na dalili hizo tena. Jiji la New York lilifuata 2003, chini ya Meya Michael Bloomberg, na utabiri ulikuwa ule ule wa karatasi niliyopewa: baa zitafungwa. Ripoti ya jiji ya mwaka mmoja baadaye ilionyesha kwamba mapato ya kodi kutoka kwa mikahawa na baa yalikuwa yamepanda kwa asilimia 8.7. Sisemi kwamba katazo ndilo lililoyapandisha. Jiji lilikuwa likiinuka kutoka kwenye mdororo wa baada ya Septemba 2001, na hilo lazima lihesabiwe. Lakini maangamizi yaliyotabiriwa hayakuja, na mimi niliyaandika kama jambo lililokwisha kutokea.

Ireland ndiyo iliyonifundisha zaidi, nilipokuja kusoma kwa kuchelewa. Tarehe 29 Machi 2004 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza sigara katika sehemu zote za kazi zilizofungwa, baa zikiwemo. Waziri wa Afya, Micheál Martin, aliandamwa kwelikweli. Baa ya Kiayalandi isiyo na moshi ilionekana kuwa jambo lisilowezekana, na wavutaji wenyewe walisema hivyo. Watafiti waliwauliza wavutaji wa huko kabla ya katazo kama wanaunga mkono baa kuwa bila moshi kabisa, na ni asilimia 13 tu waliokubali. Wakawauliza tena baada ya sheria kukaa miezi kadhaa. Waliokubali walikuwa asilimia 46. Kwa mikahawa, walipanda kutoka 45 hadi 77. Hao ni wavutaji, si watu wa kampeni za afya.

Nilikaa na takwimu hizo kwa muda mrefu. Zilinionyesha kwamba hata kama ningewauliza watu sahihi kwa swali sahihi, bado nilichokuwa nikikusanya Julai 2008 kilikuwa utabiri. Mtu akiulizwa kuhusu jambo ambalo hajaliishi, hujibu kwa hofu zake na mazoea yake. Akiliishi, akagundua kwamba anaweza kutoka nje kwa dakika tano, akarudi na kukuta bia yake ipo na nguo zake hazinuki, hujibu kingine. Mimi nilichukua hofu ya usiku mmoja nikaipa jina la uamuzi wa taifa.

Na taifa hilo, kwa hakika, halikuwa la wavutaji. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku ya namna yoyote nchini Kenya, ugoro ukiwemo, ni asilimia 11.6: wanaume 19.1, wanawake 4.5. Takribani mtu mmoja katika kila tisa. Ukiingia baa saa tatu usiku na kuzisogelea meza zenye moshi mwingi, huwezi kuwaona hao wanane wengine.

Yule dada nilikutana naye tena miaka kadhaa baadaye, soko la Toi, alikokuwa akiuza blauzi za mitumba. Yeye ndiye aliyenitambua. "Kaka, wewe si yule wa gazeti?" Nilifurahi, nikidhani amependa kazi yangu. Akanieleza kuhusu ule ukuta wa nyuma ya kaunta.

Baada ya sheria kuanza, alisema, visahani vya majivu viliondolewa mezani kwa siku chache, kisha vikarudi. Wafanyakazi wakapata moyo wa kwenda kwa mdosi kuomba jambo dogo: wateja wavutie kwenye roshani, na ndani wasivute. Walikuwa wamelipanga wenyewe jikoni, wakamchagua mkubwa wao aseme. Mdosi hakugomba. Aligeuka akaonyesha makala yangu kwa kidole. Gazeti limesema wananchi hawataki, akawaambia, na hata nyinyi wenyewe mmesema hapa hakuna shida. "Akanitazama mimi," dada akasema. "Wenzangu wakajua ni mimi niliyesema."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, akasema haina neno, kwa sauti ile ile aliyoniambia nayo hakuna shida, na safari hii nilikuwa nimejifunza kuisikia. Nikamwomba, kama hatojali, anieleze ambacho angenieleza usiku ule kama mdosi asingekuwepo. Tukakaa juu ya marobota yake.

Alinionyesha kwanza kwa mikono jinsi ya kuondoa kisahani kilichojaa. Hukiinui hivyo hivyo, kwa sababu feni itayapeperusha majivu yaangukie kwenye nyama ya mteja. Unakuja na kisahani kisafi, unakifudikiza juu ya kile kichafu, unaviinua vyote viwili pamoja kama kombe na kifuniko chake, kisha unarudisha kisafi mezani. Alikuwa akifanya hivyo usiku kucha. Majivu yenye unyevu huingia chini ya kucha na hayatoki kwa sabuni, alisema, hutoka kwa ndimu. Blauzi yake nyeupe ya kazi hakuiingiza chumbani. Aliivua mlangoni alfajiri, akaitundika nje kwenye kamba, akajifunga leso ndipo akaingia alikolala mwanawe, kwa kuwa mtoto alikuwa na pumu. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kikimbana kila msimu wa baridi. Baada ya kuacha kazi ile, kilitulia. Sitasema ni moshi tu uliomdhuru, mimi si daktari, na vumbi la Toi nalo si dogo. Nasema alivyosema yeye.

Nilimuuliza kwa nini hakuhamia baa nyingine. Niliuliza hivyo kwa kuwa katika makala yangu niliandika sentensi niliyoiona ya busara sana wakati huo: asiyetaka moshi ana uhuru wa kwenda kwingine. Akanijibu kwa swali: "Ipi?" Zote zilikuwa na moshi. Mteja anaweza kuamka akaenda kula nyumbani kwake. Mwenye kulipwa kwa siku, anayetegemea tipu kulipa nauli ya matatu, uhuru huo hana, na niliyeandika sentensi ile nilikuwa nikizungumza kwa niaba ya mtu aliyeketi.

Lakini pia aliniambia jambo ambalo silifichi, maana nimekwisha ficha ya kutosha. Wateja wavutaji ndio waliokuwa wakitoa tipu nzuri. Walikaa sana, walikunywa sana, na wengine walikuwa watu wema waliomuulizia mtoto. Hakutaka wafukuzwe. "Tulitaka tu wavutie nje," alisema. Ombi lenyewe lilikuwa hilo, na sheria iliyokuwa imeanza kutumika iliruhusu kabisa litimizwe. Mimi nilikuwa nimeandika kana kwamba kuna pande mbili zinazochukiana, serikali na wananchi, ilhali watu waliokuwa katikati walikuwa na rai ya kiungwana ambayo ingewafaa wote.

Nilipoanza kuitafuta habari hii kwa dhati ndipo nilipomfahamu Heather Crowe, mhudumu wa mikahawa wa Ottawa, Kanada. Hakuwahi kuvuta sigara. Alihudumu meza kwa takribani miaka 40, na mwaka 2002 akagunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Alidai fidia kama mfanyakazi aliyeumia kazini, akapewa, kisha akautumia muda uliombakia kuzunguka nchi yake akizungumza na wabunge, akiwaomba awe mtu wa mwisho kufa kwa moshi wa kazini. Alifariki Mei 2006. Miaka miwili baadaye mimi nikaandika nusu ukurasa mzima kuhusu sigara katika baa na nisione haja ya kumtaja mhudumu hata mmoja isipokuwa yule niliyemnukuu vibaya. Mwaka ule ule wa 2006, Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara za wengine ambacho ni salama, na kwamba feni na mitambo ya hewa haviwezi kuuondoa wote chumbani. Kumbe basi hata ile kona iliyotengwa, ambayo sheria yetu iliiruhusu, haimwokoi weita anayetumwa kuingia humo na trei.

Nilikwenda kwa mhariri wa gazeti lile na kumwomba achapishe marekebisho. Aliyekuwa mhariri 2008 alikwisha ondoka. Mpya alinisikiliza kwa heshima, akaniambia kwamba habari ni ya zamani mno na hakuna aliyelalamika. Ni kweli, hakuna aliyelalamika. Waliodhurika hawakuwa na desturi ya kuandikia magazeti barua. Ndiyo maana nayaandika hapa: makala yangu ya Julai 2008 yalidai kuonyesha msimamo wa wakazi wa Nairobi na hayakuwa na msingi wa kudai hivyo. Maneno ya mhudumu niliyemnukuu yalitolewa mbele ya mwajiri wake na hayakupaswa kutumiwa. Takwimu za hasara ya biashara sikuzithibitisha.

Sigara niliacha baadaye, kwa sababu zangu. Sina kinyongo na anayevuta, na ninajua ugumu wa kuacha. Hata leo huwa natembelea baa, na katika nyingi kati ya hizo moshi bado upo ndani, kisahani cha chai kikiwa kimechukua nafasi ya kile cha majivu ili askari wa kaunti akija asione kitu. Siku hizi naenda asubuhi, wakati wahudumu wanapofagia na viti vikiwa juu ya meza, mdosi hajafika. Nauliza kwa sauti ya chini, naondoka bila kuandika jina la mtu wala la baa. Wengi wanasema wanataka wavutaji watoke nje. Wapo wasiotaka. Kijana mmoja wa kaunta aliniambia wazi kwamba yeye mwenyewe anavuta, na kwamba wateja wake wakianza kutoka nje wataanza pia kuondoka bila kulipa, halafu atakatwa yeye mshahara. Hofu hiyo ni ya kweli, na katika karatasi yote ya asilimia niliyopewa 2008 haikuwemo. Nilimuuliza kama angelipwa mshahara kamili hata mteja akitoroka, angesemaje. Alisimamisha ufagio akafikiri. "Hapo basi wavutie nje," akasema, "na mimi nitavutia nje."